Jinsi ya kudhibiti taa za ishara katika kipakatalishi kinachotumia Linux

NANYUKI, mji ulio chini ya Mlima Kenya, ulipata nafasi yake katika historia ya tarakilishi mnamo Julai 29, 2015. Siku hiyo Satya Nadella, afisa mkuu mtendaji wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, alikuwa mjini humo kuadhimisha uzinduzi wa mfumo endeshi wa Windows 10. Miaka kumi baadaye, Oktoba 14, 2025, kampuni hiyo ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo huo huo.

Mrithi wake, Windows 11, hudai mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Vipakatalishi vingi vilivyoundwa kabla ya mwaka wa 2018 havitimizi masharti hayo, hata kama bado vina nguvu za kutosha. Kwa mwanafunzi wa Nyeri, karani wa Karatina au mwenye duka la kupiga chapa huko Embu aliye na mashine ya aina hiyo, njia mojawapo ya kuendelea kuitumia bila gharama ni kuhamia Linux, mfumo endeshi huria unaotolewa bure.

Wengi wanaohama hugundua mapema jambo linaloonekana dogo: taa za ishara hazitendi kama zilivyozoeleka. Ile ya mtandao wa Wi-Fi hupepesa bila kukoma. Ile ya nguvu za umeme huangaza chumba kizima usiku. Ile ya maikrofoni haiwaki kabisa, au huwaka wakati usiofaa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Taa ya ishara ni dalili vilevile, na mwenye mashine anapaswa kujua ni nani anayeiwasha na kama isemayo ni kweli.

Aina tatu za taa

Taa ndogo za vipakatalishi ni diodi zinazotoa mwanga, maarufu kama LED. Diodi ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaofaa kutumiwa iliundwa mwaka wa 1962 na Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani. Zile za buluu zilichelewa hadi miaka ya 1990, na wanasayansi watatu waliofanikisha kazi hiyo walituzwa Nobeli ya fizikia mwaka wa 2014.

Kabla ya kuandika amri yoyote, ni vyema kufahamu kwamba taa za kipakatalishi hutawaliwa kwa njia tatu.

Aina ya kwanza ni taa zilizounganishwa moja kwa moja na umeme. Taa iliyo kwenye chaja ni mfano mzuri. Hakuna programu inayoweza kuizima.

Aina ya pili ni taa zinazotawaliwa na kidhibiti kidogo kilichopachikwa kwenye ubao mkuu wa mashine. Kidhibiti hicho hufanya kazi hata tarakilishi ikiwa imezimwa, na ndicho kinachowasha taa ya kuchaji betri. Mfumo endeshi unaweza kukiomba kiwashe au kizime taa fulani, lakini kinaweza kukataa, au kukubali kisha kuirejesha taa katika hali yake ya awali.

Aina ya tatu ni taa ambazo mfumo endeshi wenyewe una mamlaka kamili juu yake, kwa mfano ile ya herufi kubwa kwenye kibodi.

Yanayofuata yanahusu aina ya pili na ya tatu.

Kabrasha moja kwa taa zote

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Kiini cha mfumo huo huitwa kerneli. Ndiyo sehemu inayozungumza na vifaa vya mashine kupitia programu ndogo ziitwazo draiva. Leseni ya kerneli humruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Uhuru wa namna hiyo ndio uliowezesha mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mwaka wa 2004 programu za ofisi za Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Awali, kila draiva ilikuwa na njia yake ya kuamuru taa, na aliyejua njia ya mashine moja hakuwa na faida yoyote mbele ya mashine nyingine. Hali hiyo ilibadilika mwaka wa 2006, pale toleo la 2.6.17 la kerneli lilipoingiza utaratibu mmoja wa taa ulioandikwa na Richard Purdie. Tangu wakati huo, kila taa ambayo kerneli inaitambua huonekana kama kabrasha dogo ndani ya kabrasha kuu moja:

/sys/class/leds

Kuwasha taa kukawa sawa na kuandika nambari katika faili, na kuichunguza kukawa sawa na kusoma faili hiyo.

Kuzitambua taa za mashine

Hatua ya kwanza ni kufungua dirisha la amri na kuandika:

ls /sys/class/leds

Majina yatakayotokea hutofautiana kati ya mashine na mashine. Kwa kawaida jina huwa na hadi sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta mbili: kifaa, rangi na kazi. Sehemu isiyojulikana huachwa tupu. Kwa mfano, input3::capslock ni taa ya herufi kubwa kwenye kibodi. Jina platform::micmute ni la taa ya kunyamazisha maikrofoni. Kwenye mashine za ThinkPad, tpacpi::power ni taa ya nguvu za umeme, na tpacpi::thinklight ni ile taa ya juu ya skrini inayomulika kibodi katika modeli za zamani. Jina linaloishia kwa kbd_backlight ni la mwanga ulio chini ya vitufe.

Ndani ya kila kabrasha kuna faili tatu za kuzingatiwa. Faili ya brightness hueleza kiwango cha mwangaza wa sasa. Ile ya max_brightness hutaja kiwango cha juu kabisa. Ya tatu, trigger, hutaja kichochezi, yaani tukio linaloifanya taa iwake au izime yenyewe.

Kusoma faili hizi hakuhitaji idhini maalumu. Amri ifuatayo huonyesha kiwango cha juu cha taa ya nguvu katika ThinkPad:

cat /sys/class/leds/tpacpi::power/max_brightness

Jibu likiwa 1, taa hiyo inajua kuwaka na kuzima tu. Likiwa 2, 3 au 255, ina viwango vya kati.

Kuwasha na kuzima

Kuandika katika faili hizo huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mashine. Ili kuzima taa ya nguvu, amri ni hii:

echo 0 | sudo tee /sys/class/leds/tpacpi::power/brightness

Mfumo utaitisha nywila, kisha taa izime. Kuiwasha tena, nambari 0 hubadilishwa kuwa 1. Asiye na ThinkPad ataweka jina la taa aliyoiona katika orodha ya mashine yake.

Kuna kosa moja linalowakwaza wanaoanza. Wengi huandika sudo echo 0 na kufuatisha alama ya kuelekeza maandishi kwenye faili, kisha hushangaa kukataliwa. Sababu ni kwamba sudo humpa mamlaka yule anayetamka nambari, ilhali anayefungua faili ni dirisha la amri la mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana neno tee hutumiwa: lenyewe ndilo linaloandika, na ndilo lililopewa mamlaka.

Wasiopenda kuandika amri ndefu wanaweza kusakinisha programu ndogo iitwayo brightnessctl. Amri ya brightnessctl -l huorodhesha taa zote pamoja na viwango vyake.

Mabadiliko yanayofanywa kwa njia hii si ya kudumu. Faili za /sys hazimo kwenye diski. Huzaliwa mashine inapowashwa na kutoweka inapozimwa. Kwa hivyo aliyekosea katika kabrasha la taa anaweza kuwasha mashine upya na mambo yakarejea yalivyokuwa. Hata hivyo, busara hiyo inahusu kabrasha la leds pekee. Makabrasha mengine ya /sys hugusa betri, feni na diski, na hayafai kuchezewa.

Vichochezi: taa inapopewa kazi

Kwa kusoma faili ya trigger, mtumiaji huona orodha ya vichochezi vinavyopatikana. Kile kinachotumika wakati huo huzungushiwa mabano ya mraba. Vinavyotumika sana ni hivi:

none – taa haifuati tukio lolote, husubiri amri ya mtumiaji.

timer – taa hupepesa kwa vipindi. Kichochezi hiki kikichaguliwa, faili mbili mpya hujitokeza, delay_on na delay_off, ambamo muda wa kuwaka na wa kuzima huandikwa kwa milisekunde.

heartbeat – taa hudunda kama moyo, na mdundo huongezeka kadiri mashine inavyolemewa na kazi.

disk-activity – taa huwaka diski inaposomwa au kuandikwa.

kbd-capslock – taa hufuata kitufe cha herufi kubwa.

Aidha, kuna vichochezi vinavyofuata chaja na betri, ambavyo majina yake hutegemea mashine, kwa mfano AC-online na BAT0-charging.

Kipakatalishi kisicho na taa ya diski kinaweza kupewa moja kwa amri kama hii:

echo disk-activity | sudo tee /sys/class/leds/input3::capslock/trigger

Kutoka hapo, taa ya herufi kubwa itaonyesha diski inapofanya kazi. Hilo humsaidia mwenye mashine kongwe kutofautisha kati ya mashine iliyokwama na ile inayojikokota tu, kabla hajaamua kuizima kwa nguvu na kupoteza kazi yake. Tahadhari ni kwamba nambari iliyo katika jina la input hubadilika mara kwa mara, hivyo orodha isomwe kwanza.

Ikumbukwe pia kwamba kuandika 0 katika faili ya brightness hufuta kichochezi kilichokuwapo. Anayetaka taa irejee kazi yake ya awali sharti akiandike tena kichochezi hicho.

Taa ya maikrofoni: usiamini kabla ya kujaribu

Kati ya taa zote, ile ya maikrofoni ndiyo yenye uwezo wa kumwaibisha mtu. Tangu Machi 2020, janga la korona lilipofika nchini, Idara ya Mahakama ya Kenya imekuwa ikiendesha vikao vingi kwa njia ya mtandao. Wakili wa Nyeri anaweza kufuatilia kesi akiwa ofisini mwake, na mwanafunzi wa Chuka au Meru akahudhuria mhadhara akiwa nyumbani. Anayedhani maikrofoni imenyamazishwa ilhali iko wazi anaweza kumwaga siri za mteja mbele ya kikao kizima.

Taa ya maikrofoni hufuata kichochezi kiitwacho audio-micmute. Draiva ya sauti hukiarifu kichochezi hicho kila maikrofoni inaponyamazishwa au kufunguliwa. Katika mashine ambazo draiva yake haijaunganishwa ipasavyo na taa, maikrofoni hunyamaza lakini taa haiwaki, au kinyume chake. Jambo la kwanza ni kusoma kichochezi:

cat /sys/class/leds/platform::micmute/trigger

Iwapo mabano yamezunguka neno none na audio-micmute limo katika orodha, linaweza kuwekwa:

echo audio-micmute | sudo tee /sys/class/leds/platform::micmute/trigger

Kisha ufanyike mtihani. Maikrofoni inyamazishwe kwa kitufe, na mtumiaji azungumze huku amri hii ikirekodi kwa sekunde tano:

arecord -d 5 -f cd jaribio.wav

Rekodi husikilizwa kwa amri ya aplay jaribio.wav. Ikiwa kimya na taa inawaka, taa inasema kweli. Sauti ikisikika, taa ni ya uongo na haifai kutegemewa.

Kuna jambo jingine ambalo hata mashine nzuri haiwezi kulitatua. Taa ya kibodi hueleza hali ya maikrofoni kwa mujibu wa mfumo endeshi. Kitufe cha kunyamaza kilichomo ndani ya programu ya mkutano ni kitu tofauti. Mtu anaweza kunyamaza katika programu na taa isiwake, au akajifungua katika programu huku mfumo ukiwa bado umemnyamazisha. Sharti hali zote mbili zichunguzwe.

Wi-Fi inayopepesa

Taa ya Wi-Fi hupepesa kwa sababu huwaka kila kipande cha data kinapopita. Kwenye kadi za Intel zinazotumia draiva ya iwlwifi, tabia hiyo hubadilishwa kwa mstari mmoja katika faili ya /etc/modprobe.d/iwlwifi.conf:

options iwlwifi led_mode=1

Nambari 1 huifanya taa ikae imara kadi ikiwa hai na kuzima kadi ikizimwa. Nambari 2 ni ya kupepesa, na 3 ni ya kuizima kabisa. Mashine huwashwa upya ili badiliko lianze kutumika. Iliyo bora ni nambari 1, kwa kuwa huondoa usumbufu bila kuondoa habari.

Kufanya mabadiliko yadumu

Kwa kuwa maandishi ya /sys hupotea mashine inapozimwa, mfumo unahitaji kukumbushwa kila unapoanza. Matoleo mengi ya Linux, zikiwemo Debian, Ubuntu na Fedora, hutumia systemd, na humo njia rahisi ni kuunda faili yenye jina kama /etc/tmpfiles.d/taa.conf na kuweka ndani yake mstari huu:

w /sys/class/leds/tpacpi::power/brightness - - - - 0

Herufi w humaanisha andika, na nambari ya mwisho ndiyo inayoandikwa. Faili inaweza kujaribiwa papo hapo:

sudo systemd-tmpfiles --create /etc/tmpfiles.d/taa.conf

Anayetaka kurejesha hali ya awali hufuta faili hiyo na kuwasha mashine upya. Iwapo taa itawaka tena baada ya kipakatalishi kulala na kuamka, hiyo ni dalili kwamba kidhibiti cha ubao mkuu kimechukua usukani. Mwanga wa chini ya vitufe hauhitaji hatua hizi, kwani systemd hukihifadhi kiwango chake chenyewe.

Taa ambazo hazifai kuguswa

Uwezo wa kuamuru taa si sababu ya kuziamuru zote. Draiva ya thinkpad_acpi hutoa funzo katika jambo hili. Waandishi wake waligawanya taa za ThinkPad katika makundi mawili. Kundi moja, lenye taa kama ya nguvu na ya usingizi, liliachwa wazi kwa mtumiaji. Kundi la pili, zikiwemo taa za betri, lilifungwa, na hufunguliwa tu na anayeiunda kerneli yake mwenyewe kwa kuchagua ruhusa iliyoandikwa waziwazi kuwa si salama.

Sababu yao ni kwamba taa hizo huongoza matendo ya mkono. Taa ya betri ikidanganya, mwenye mashine anaweza kuondoka na betri tupu au kuichomoa wakati usiofaa. Kwa hivyo anayeona taa fulani haimo katika orodha ya mashine yake asiharakishe kuilazimisha. Huenda ilifichwa kwa makusudi.

Taa ya kamera si kufuli

Taa ya kamera ni suala la pekee. Kwa kawaida haimo katika kabrasha la leds, kwani hutawaliwa ndani ya kamera yenyewe. Wengi huiamini wakidhani kwamba kamera haiwezi kufanya kazi bila taa kuwaka. Dhana hiyo si sahihi kwa mashine zote.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba katika tarakilishi kadhaa za Apple zilizoundwa kabla ya 2008, programu iliyo ndani ya kamera ingeweza kuandikwa upya ili kamera ipige picha taa ikiwa imezimwa. Mwaka wa 2024, mtaalamu wa usalama Andrey Konovalov alionyesha jambo kama hilo katika ThinkPad X230, kipakatalishi kilichotoka mwaka wa 2012, kizazi kile kile ambacho Windows 11 imekiacha nyuma.

Linux humpa mtumiaji njia ya kuuliza ni programu gani inayotumia kamera:

sudo fuser -v /dev/video0

Vilevile, draiva ya kamera inaweza kuondolewa kwa muda kwa amri ya sudo modprobe -r uvcvideo. Lakini ulinzi usio na shaka ni kifuniko. Kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kamera hakihitaji draiva wala nywila.

Je, betri itadumu zaidi?

Wapo wanaozima taa wakitumaini kuokoa betri, hasa katika vijiji ambako umeme hupotea mara kwa mara nyakati za mvua. Hesabu haiungi mkono tumaini hilo. Taa inayotumia miliampia 5 kwa volti 3 hula wati 0.015. Betri ya wati 50 kwa saa ingeiwasha taa hiyo pekee kwa zaidi ya saa 3,300, yaani takriban siku 139. Betri hiyo hiyo huisha kwa saa tano ikiwa kipakatalishi kinatumia wati 10.

Anayetaka kuokoa betri na apunguze mwanga wa skrini, kisha azime ule wa chini ya vitufe. Kuzima taa za ishara kuna faida nyingine: usingizi mwema katika vyumba vya hosteli vinavyotumiwa na wengi, na utulivu wa macho kwa asomaye usiku.

Zaidi ya vipakatalishi

Maarifa haya hayaishii kwenye kipakatalishi. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, watafiti wa kituo cha sayansi ya data na akili unde wamewahi kuunda kamera za kunasa picha za wanyama katika hifadhi ya chuo hicho, wakitumia vikompyuta vya Raspberry Pi. Picha za punda milia, swala pala, ngiri na wanyama wengine zilichapishwa mwaka wa 2023 ili watafiti kokote wazitumie.

Raspberry Pi huendeshwa na kerneli hiyo hiyo ya Linux, na taa yake ya shughuli za kadi ya kumbukumbu, iitwayo ACT katika matoleo ya karibuni, imo katika kabrasha lile lile la /sys/class/leds. Kifaa cha aina hiyo kinapowekwa porini usiku, taa inayopepesa inaweza kumtisha mnyama au kumwonyesha mwizi kilipo. Amri ya kuinyamazisha ni ile ile anayoitumia mwanafunzi hosteli:

echo none | sudo tee /sys/class/leds/ACT/trigger

Amri hiyo hufuatwa na ile ya kuandika 0 katika faili ya brightness. Aliyejifunza kwenye kipakatalishi kikuukuu tayari anajua jinsi ya kuanza kuhudumia mitambo mingine.

Kabla ya kulipa

Anayekusudia kununua kipakatalishi kilichokwisha kutumika, kiwe cha Nyeri, Nanyuki au Kerugoya, anaweza kukipima dukani kabla ya kutoa pesa zake. Linux inaweza kuanzishwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote katika diski ya mashine. Vipimo vinavyofaa ni vitano:

1. Orodhesha taa kwa amri ya ls /sys/class/leds na uone kama taa za nguvu, maikrofoni na kibodi zinatambuliwa.

2. Nyamazisha maikrofoni, rekodi kwa sekunde tano, na ulinganishe sauti na taa.

3. Fungua kamera na utazame kama taa yake inawaka. Hata ikiwaka, panga kuifunika.

4. Chomeka na uchomoe chaja huku ukitazama taa ya betri.

5. Zima Wi-Fi kwa kitufe na uone kama taa yake inatii.

Mashine inayofeli kimojawapo si lazima iachwe, kwani draiva huboreshwa kila toleo jipya la kerneli linapotoka. Lakini mnunuzi atakuwa amejua, kabla ya kulipa, ni taa zipi za kuaminiwa na ni zipi za kupuuzwa.